Usukani wa Kapteni Unavuta Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Leo ndege ya baba mkwe imegonga mlima. Mara ya tatu ndani ya siku nne.

Nieleze kwa utaratibu. Miezi saba sasa mimi na mke wangu tunaishi kwa wazazi wake, tangu duka la simu nililokuwa nafanyia kazi lifungwe. Ni kwa muda tu. Nilisema hivyo mwezi wa kwanza, nikasema hivyo mwezi wa pili. Tangu mwezi wa tatu hakuna aliyeniuliza.

Nyumba hii ina chumba cha mbele. Chumba! Mlango wake unafungukia barabarani. Dirisha pana, watu wawili wanaweza kusimama bega kwa bega wakitazama bidhaa. Soketi nne. Chumba cha namna hiyo kiliumbwa kwa ajili ya fundi wa simu na redio, yaani mimi. (Ufundi nilisoma wiki tatu. Kozi ilikuwa ya miezi sita, lakini mwenye akili harudiwi somo.)

Na ndani ya chumba hicho kuna nini? Kuna ndege.

Baba mkwe aliendesha mabasi miaka thelathini na minne. Ndege hajapanda hata moja. Alipostaafu, wenzake walinunua mashamba na ng'ombe. Yeye alinunua kompyuta na usukani wa ndege, ule wa kufunga mezani, uliokwisha kuchakaa katika chuo fulani kabla chuo chenyewe hakijafa. Ukiuvuta, ndege ya kwenye kioo inapanda. Ukiusukuma, inashuka. Ukiuzungusha, inapinda. Kila siku saa tisa alasiri mzee anavaa shati jeupe, anafunga mlango, anaruka. Mtaa mzima unamwita Kapteni. Neno "mchezo" haliruhusiwi katika nyumba hii.

Leo nilikuwa nimesimama mlangoni nikipima dirisha kwa macho. Ndege ikaanza kulalia kushoto yenyewe. Kapteni akairudisha. Ikalala tena. Mlima.

Hakulaani. Hakupiga meza. Aliinua mikono yake miwili akaitazama mbele na nyuma, kama mtu aliyekabidhiwa mikono isiyo yake.

Nilishtuka. Kisha nikafurahi. Rubani anayegonga milima atachoka, na akichoka chumba kitabaki wazi.

Mkakati: nisifanye lolote. Huo naumudu.

Jumanne, 5 Machi

Mkakati umebadilika. Kapteni hakuvaa shati jeupe leo. Alisema anapumzika. Nikaona upenyo: usukani ukitoka mezani, meza itakuwa tupu, na meza tupu huita vitu vipya. Nikajitolea kuukagua.

Akasema usukani hauna kosa. Nikasisitiza. Akarudia polepole kwamba usukani hauna kosa, akaenda kukaa barazani. Nikalichukua hilo kama ruhusa.

Nikaufungulia jikoni. Skrubu kumi na nane! Nilipoinua kifuniko, springi iliruka, ikanipiga paji la uso, ikatokea dirishani. Nusu saa nikaitafuta kwenye majani kwa magoti. Mama mkwe alipita na ndoo, akauliza natafuta nini. Nikasema sarafu. Akanitakia heri, na springi nikaipata.

Ndani kulikuwa na magurudumu mawili ya meno, grisi iliyoganda kama nta, na kidude cha mviringo chenye miguu mitatu, kila mguu na waya wake. Nilikitambua mara moja. Ndicho kile kile cha voliyumu ya redio! Ukizungusha usukani, kidole kidogo cha chuma kinateleza juu ya njia nyeusi ya kaboni, na kompyuta inajua umezungusha kiasi gani. Njia hiyo imelika. Katikati, pale kidole kinapokaa usukani ukiwa umenyooka, pamefanya upara. Kama ujia wa miguu kwenye nyasi.

Nikauunganisha usukani na kompyuta, nikafungua ukurasa wa vipimo. Mikono nikaiweka mfukoni. Hakuna aliyegusa kitu. Mstari wa kijani ukawa unacheza wenyewe: katikati, kushoto, katikati, kushoto, kushoto.

Nilipigwa na butwaa. Mikono ya mzee ni mizima. Mgonjwa ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti. Na katika nyumba nzima anayejua ni mimi peke yangu.

Nikaufunga usukani na kuurudisha mahali pake. Skrubu mbili zilibaki. Hutokea. Nilisikia hatua za mtu, nikazitumbukiza kwenye kopo la chumvi. Nitazitoa kesho.

Jumatano, 6 Machi

Nilikusudia kusema ukweli wakati wa chai. Naapa. Sentensi nilikuwa nimeiandaa tangu kitandani.

Lakini Injinia alikuwepo. Huyu ni mume wa mdogo wake mke wangu, mtengenezaji wa madirisha ya alumini. Ana cheti chenye mhuri. Baba mkwe humwita Injinia bila kutabasamu, na yeye huitika bila aibu. Kila Jumatano anakuja kunywa chai hapa, ingawa kwake chai ipo.

Kapteni akasafisha koo. Akasema kaka yake marehemu alianza hivi hivi. Mikono kwanza. Halafu kijiko. Halafu vifungo vya shati. Yeye hatasubiri mpaka vifungo. Kompyuta itauzwa. Jumamosi ataita familia, na chumba cha mbele atampa mmoja wa wakwe zake wawili, yule mwenye mpango unaoeleweka.

Kifuniko cha birika kilimponyoka mama mkwe, kikabingirika mpaka mlangoni. Hakuna aliyekiokota. Mke wangu akamuuliza baba yake kama amemwona daktari. Akajibu kwamba basi likikatika breki, dereva hangoji kuambiwa na fundi. Mke wangu akaanza kulia bila sauti.

Sentensi yangu ilikuwa mdomoni. Nyuma ya meno kabisa. Nikaimeza pamoja na chai.

Injinia akatoa mfukoni karatasi ya mistari. Mpango wake ulikuwa tayari umechorwa! Madirisha huku, milango kule, yeye katikati kwenye kiti cha kuzunguka. Mimi nikasema wangu uko kichwani. Kapteni akasema watausubiri utoke.

Mkakati mpya, na ni mzuri kuliko yote. Nanyamaza mpaka Jumamosi. Napewa chumba. Jumapili "nagundua" hitilafu, natengeneza usukani, mzee anapona, familia inanishangilia, ndege inahamia sebuleni. Hakuna anayeumia. Ni siku tatu tu.

Mke wangu kaniuliza kwa nini natabasamu ukutani. Nimesema ni maumivu ya jino.

Alhamisi, 7 Machi

Sikulala vizuri. Jino limeanza kuuma kweli.

Asubuhi nilikwenda barazani kumwamkia mzee, nikasimama hapo hapo kama nguzo. Mama mkwe alikuwa anamnyoa ndevu. Kapteni! Mtu aliyenyoa ndevu zake mwenyewe ndani ya basi, kituo hadi kituo, kwa kioo cha pembeni. Alikuwa amekaa wima, povu shavuni, macho yamefumbwa. Mikono ameikalia.

Nilipoitikiwa sikuondoka. Nilitaka kuiona hiyo mikono. Alipoitoa ili ajifute uso niliikodolea macho. Haikutikisika hata kidogo. Ilishika taulo kama ilivyoshika usukani wa basi. Yeye hakuitazama. Alishaitoa hesabuni.

Saa nne alimkabidhi Injinia funguo za gari lake. Mchana alikunywa uji kwa kikombe kilichojazwa nusu. Mama mkwe kakijaza nusu bila kuambiwa.

Nikashindwa. Mimi ni mtu wa mikakati lakini si mtu wa mawe. Nikaamua: natengeneza kesho, kimyakimya, mchana mzee akiwa amelala. Akijaribu tena atakuta umepona, atadhani ni muujiza. Chumba tutaongea baadaye.

Nikaenda kwa fundi wa redio, yule mzee wa kibandani anayevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Nikamchorea kidude. Akasema hicho ni voliyumu tu, wanaume wazima wanaogopa voliyumu. Kapekua sanduku la redio zilizokufa, akatoa kimoja chenye namba zile zile. Akaniambia viko vya sumaku, ambavyo ndani hakuna kinachogusana na kwa hiyo hakuna kinacholika, lakini hivyo mpaka niagize. Hiki kitanitosha miaka kadhaa.

Aliposikia ni cha nani, akakataa malipo. Akasema mwaka fulani mke wake alishikwa na uchungu ndani ya basi, na Kapteni aliacha njia na abiria sitini wakipiga kelele, akalipeleka basi mpaka mlango wa hospitali.

Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia kibao chake. Ni kibao kizuri, herufi nyekundu zenye kivuli. Akawa anaendelea kuniasa jambo kuhusu nyaya mbili za pembeni. Nikasema najua.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika haya nimefunga mlango.

Saa saba na nusu. Kapteni amelala chumbani, anakoroma kwa zamu. Mama mkwe nilijua kaenda sokoni. Nikachukua pasi ya kulehemu, waya wa risasi, bisibisi, kidude changu mfukoni. Nikanyata ukumbini. Nikausukuma mlango wa chumba cha mbele.

Mama mkwe alikuwa angani.

Sijui niandike vipi zaidi ya hivyo. Mama mkwe, na kitenge chake, na kikapu cha soko mguuni, amekaa kwenye kiti cha Kapteni amevaa vile visikizio vikubwa masikioni, anashusha ndege. Usukani unavuta kushoto, yeye kaubana kwa kiwiko cha kulia, vile anavyobana kitambaa kwenye cherehani. Matairi yakagusa ardhi. Sikuona hata mtikisiko.

Hakugeuka. Akasema, "Funga mlango. Vumbi linaingia."

Nikaufunga. Nikakaa juu ya boksi la madaftari.

Akaniambia anaruka tangu mwaka jana, kila siku mzee akilala. Alianza kwa kufuta vumbi. Alikalia kiti ili afute chini ya meza, mkono ukagusa hiki, mwingine ukagusa kile, mara yuko juu ya mawingu. Usukani umeanza kuvuta kushoto mwezi uliopita, na anaamini ni yeye aliyeumaliza, kwa sababu uliumbiwa mtu mmoja ukatumiwa na wawili.

Nikamuuliza, kwa adabu, kwa nini hakumwambia mumewe kwamba kosa ni la usukani. Akavua visikizio.

"Mwanangu, yule mtu maisha yake yote amekaa na watu. Basi limejaa watu, nyumba imejaa watu. Hiki kiti ndicho kitu chake cha peke yake. Nimwambieje kwamba nakikalia? Nikasema nitamwambia kesho. Juzi nikasema kesho. Jana nikasema kesho."

Kisha akaniuliza mimi nimejua tangu lini. Nikasema tangu sasa hivi, nilipouona unavuta. Akatazama pasi ya kulehemu. Akatazama kidude mkononi mwangu, ambacho mtu aliyejua sasa hivi asingekuwa nacho. Alinitazama vile anavyotazama samaki wa jioni.

Tukakubaliana. Natengeneza sasa hivi, na kila mmoja anakaa na siri yake.

Nikafungua. Nikaunguza kitambaa cha meza. Nikaunguza kidole gumba. Mama mkwe alishika taa ya simu na kunipulizia kidole bila huruma. Nikakata nyaya za kidude cha zamani: nyeusi ya katikati, nyekundu na nyeupe za pembeni. Nikalehemu nyeusi katikati. Zikabaki nyekundu na nyeupe. Fundi alisema jambo kuhusu hizi. Nilikumbuka vizuri sana herufi za kibao chake.

Nikachagua.

Mstari wa kijani ukatulia tuli! Haukucheza hata nukta. Tukatazamana kama wezi wenza, nikarudisha kifuniko. Nilikuwa nanyoosha mkono nizungushe usukani nione unavyojibu, tukasikia kikohozi chumbani. Kapteni kaamka. Mama mkwe akanyakua kikapu akatokea mlango wa barabarani. Mimi nikasukuma vifaa chini ya meza, nikatokea dirishani.

Dirisha ni pana kweli. Naona rafu tatu zingeenea.

Jumamosi, 9 Machi

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa tano.

Familia ilikusanyika chumba cha mbele baada ya chai. Kapteni kwenye kiti chake. Mama mkwe kwenye stuli. Mke wangu na mdogo wake mlangoni. Injinia alikuja na futi na alishaanza kupima dirisha, nambari anaziandika kwenye kiganja. Moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nilijua ninachokijua.

Nikapendekeza, kwa sauti ya upole, kwamba kabla ya yote Baba aruke mara moja ya mwisho, kwa ajili ya kumbukumbu. Mpango wangu wote ulikuwa hapo. Ataruka vizuri, atashangaa, atabubujika machozi, na mtu aliyependekeza ni nani?

Akakataa. Nikabembeleza. Mke wangu akabembeleza, akanishika mkono kwa mara ya kwanza wiki hii. Mzee akasimama, akaenda chumbani, akarudi amevaa shati jeupe.

Ndege ikakimbia. Ikainuka vizuri. Upepo wa kwenye kompyuta ukaisukuma kidogo kushoto. Kapteni akazungusha usukani kulia kuirudisha, na ndege ikalala zaidi kushoto. Akazungusha zaidi kulia. Ikazidi kulala. Kadiri alivyoiita kulia ndivyo ilivyokwenda kushoto, mpaka bawa likakwangua paa la ghala, kisha kioo chote kikawa moto.

Nyekundu na nyeupe. Nilikuwa nimezilehemu kinyume.

Kapteni aliachia usukani kidole kimoja kimoja. Akaiweka mikono magotini kama mtu anayerudisha mali ya watu.

"Mmeona," akasema. "Sasa haijui hata kulia na kushoto."

Injinia akaacha kuvuta futi yake. Nilitazama feni. Nilijua mama mkwe ananitazama, nikaendelea na feni. Nikajiambia, sema. Nikajiambia, ngoja kwanza tuone. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakusema kama mshindo wenyewe ungevaa kitenge.

Mama mkwe aliinuka. "Nipishe," akamwambia mumewe.

Mzee akapisha kwa sababu hakuelewa. Mama mkwe akakaa, akasogeza kiti mbele nusu hatua, akavaa visikizio. Ndege ikakimbia, ikainuka, ikalala kushoto. Akazungusha kulia mara moja, akaona jibu, akaguna. Tangu hapo akawa anaendesha kinyume, kushoto kwa kulia na kulia kwa kushoto, kama mwanamke anayejisuka mwenyewe mbele ya kioo. Akazunguka uwanja mzima. Akatua.

Nimeishi kwa mshtuko wiki nzima, lakini sijawahi kuona nyuso kama zile. Injinia alikaa chini kwenye sakafu.

"Umejifunza wapi?" Kapteni akauliza.

"Kwenye kiti chako."

"Lini?"

"Ukilala."

Akavua visikizio, akavipanga vizuri mezani. "Mikono yako mizima, mume wangu. Mgonjwa ni usukani, na jana tumeutibu tukauharibu zaidi. Mimi nimekaa kimya mwezi mzima kwa aibu ya kiti, na hilo ni kosa langu. Huyu mkwe wako alijua tangu Jumanne. Jumanne nilitia chumvi kwenye mboga nikachota skrubu."

Kapteni akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Ulijua nilipokuwa nanyolewa?"

Nikasema nilitaka kuwa na uhakika. Nikasema ufundi ni uchunguzi. Nikasema jino. Nilisema mengi, na kila moja lilipotoka niliona mke wangu akisogea hatua moja mbali nami, mpaka akafika mezani. Akaitoa pasi ya kulehemu chini ya meza. Akafungua usukani. Akabadilisha nyekundu na nyeupe. Dakika nne! Kumbe kwenye saluni anakofanya kazi, mashine za kukausha nywele zikiharibika anatengeneza yeye. Miaka tisa ya ndoa, sikuwahi kumuuliza anafanya nini kutwa.

Kapteni hakukaa kuujaribu. Alikwenda jikoni, akarudi na kikombe cha chai kilichojaa mpaka ukingoni, kimefura kabisa, tone moja zaidi kingemwagika. Akakishika kwa mkono mmoja, mkono umenyooka. Akapita nacho mbele yetu sote polepole, mlangoni, ukumbini, mpaka barazani. Hakikumwagika hata tone. Tukamsikia huko nje akinywa. Kisha tukamsikia analia.

Mama mkwe akamfuata, akafunga mlango.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala kwenye makochi. Mke wangu hajaninunia, na hilo linaniogopesha zaidi. Ameniambia jambo moja tu: kwamba baba yake alikuwa tayari kuizika mikono yake akiwa hai, na mimi nilikuwa nimeshika koleo.

Mchana nilikwenda kuomba radhi. Nilikuwa na hotuba. Kapteni akanionyesha kiti, akasema nisiitoe. Akasema amefanya kazi na makondakta wengi, wezi, walevi, wavivu, na wote aliwavumilia. Mmoja tu alimfukuza njiani, porini, na begi lake. Yule alijua tairi moja limelegea nati tangu kituo cha pili, akanyamaza ili wasichelewe. Hakuwa mtu mbaya, akasema. Alikuwa mtu anayengoja aone kwanza.

Nikauliza kama na mimi nafukuzwa. Akafikiri muda mrefu mno kwa mtu anayetaka kusema hapana. Mwisho akasema binti yake anakaa hapa, na mimi nakaa na binti yake, kwa hiyo nikamwombe yeye. Akaninyooshea mkono. Nikaushika. Una nguvu ajabu, vidole vyangu bado vinauma.

Chumba hakipewi mtu. Injinia karudisha funguo za gari na kwenda na futi yake. Ndani kuna viti viwili sasa. Kapteni anaruka saa tisa, mama mkwe saa kumi, na jana jioni kupitia mlango uliofungwa nilimsikia mzee akimuuliza mkewe, kwa unyenyekevu, anafanyaje matairi yasigonge.

Nililia kidogo. Nimeapa. Kuanzia leo nikijua jambo nitalisema siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Nimemwambia mke wangu. Amesema ataona.

Jumatatu, 11 Machi

Siku njema sana! Mtu mpya, hewa mpya.

Asubuhi mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona kanisimamisha. Habari zimemfikia kwamba kwetu umetengenezwa usukani wa ndege, na aliyemsimulia hakumaliza hadithi. Ana kinanda cha umeme kilichokufa ghafla. Amekipenda maisha yake yote, sasa anataka kukitoa bure kwa yeyote, maana amesadiki kwamba kimezeeka kama yeye. Akanikaribisha nikione.

Nilikitazama dakika moja. Waya wa umeme umelegea nyuma, basi. Unausukuma kwa kidole.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie. Kweli kabisa, ulikuwa wazi. Ila ndipo nilipoona kinanda kimewekwa wapi. Chumba cha kona! Mlango barabarani, madirisha mawili, moja kila upande, na kinanda kimechukua nusu nzima ya nafasi.

Nimemwambia hali ni ngumu. Nimemwambia kinahitaji uchunguzi wa wiki moja, na wakati huo asiguse kitu.